Dawa za Masika

Kwa miezi kumi na minne nilimeza dawa kwa jina la dada yangu, na dada yangu alikuwa amekufa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniaibisha zaidi. Mimi ni mwuza chumvi, na mwuza chumvi mwenye haya huliweka gunia bovu mbele ili mteja alione mapema. Ukishaliona hilo, mengine utayavumilia.

Leo niko mzima. Kidonge ninachomeza sasa si kile cha wakati ule, mwili umerudi, na soko la Bwera linanijua kwa mdomo wangu kuliko kwa ugonjwa wangu. Naandika kwa ajili yako wewe uliyepewa kopo lako la dawa wiki hii ukalificha chini ya nguo. Mambo ya damu na virusi sitakufundisha, hayo waulize wenye kazi yao. Nitakueleza jinsi mtu mwenye akili timamu, anayeweza kupima chumvi kwa jicho, anavyoiacha dawa inayomponya huku akijiona mjanja.

Kwetu ni mlimani juu ya Bwera, mpakani na Kongo, mahali ambapo ukikohoa jirani wa ng'ambo ya bonde anakujibu pole. Nilikuwa nimeolewa upande wa Nyakalengija, ndoa ikanishinda, nikarudi kwa mama. Tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na yeye. Vidonda vya mdomoni vilipokataa kupona, nilikwenda kupimwa mjini Kasese na si Bwera, maana Bwera hata mfagiaji wa kliniki alikuwa akiimba kwaya na mama. Safari yenyewe haikuwa na shida ya kuelezwa. Nilisema naenda Katwe kufuata chumvi, na kweli nikirudi nilipitia Katwe nikanunua, kisha mama akanisifu kwa bidii.

Kwetu Wakonzo msichana hachaguliwi jina, hupewa kwa zamu ya kuzaliwa. Wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, na kuendelea. Mimi ni Biira. Simama katikati ya soko letu uite "Masika!" uone wanawake wangapi wanageuka. Basi nesi aliponiuliza jina, nikaona Masika ni kichaka kizuri cha kujificha.

"Masika," nikasema.

"Masika nani?"

Hapo ndipo niliponaswa. Nilikuwa nimejiandaa na jina moja tu. Mdomo ukajiendea wenyewe ukasema, "Masika Yerusa," na kijiji nikataja chetu, maana uongo wa pili sikuwa nao. Nesi akaandika. Nilipofika nje ndipo nilipotambua nilichosema, kwa sababu Masika Yerusa alikuwa dada yangu wa tumbo moja, na tulimzika nyuma ya jikoni kwetu miaka minne kabla, msimu wa kuchuma kahawa. Mama alisema ni homa. Watu walisema sumu. Mimi nilitoka Nyakalengija nikaja kulia na kurudi, na sikuuliza.

Utasema ningerudi ndani wasahihishe. Haya, ungerudi wewe?

Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi manne na dirisha moja lililoelekea mlimani. Asubuhi nyingi mlima haukuonekana, ulikuwa ukungu tu. Tulikaa tukitazama sakafu, kila mtu amekuja "kumsindikiza jirani". Nesi alikuwa mgeni, alitoka upande mwingine wa nchi, na majina yetu yalimchosha. Aliita "Masika!" tukasimama watatu. Akaongeza "Yerusa!" wawili wakakaa, nikabaki mimi peke yangu nimesimama.

"Niko," nikajibu.

Kila mwezi nilisema hivyo. Mara ya kwanza niliona haya, mara ya nne nikaanza kuona baridi. Kuna namna watu wa kwetu wanavyoogopa kumwitikia marehemu, na mimi nilikuwa namwitikia kwa niaba yake, mchana kweupe, na kupewa dawa juu.

Siku moja mama mmoja wa Bulembia aliyekaa karibu nami alinitazama kwa muda mrefu. "Mimi nilijua Masika Yerusa ingine," akasema. "Alikuwa anakaa hapa hapa, kwa hii benchi. Msichana mzuri. Kisha akaacha kuja. Wewe unamjua?"

"Simjui," nikasema.

"Mnafanana," akasema, akageukia upande mwingine.

Ningetakiwa kufikiri siku hiyo. Sikufikiri. Nilirudi nyumbani na chumvi yangu, nikatia pamba ndani ya kopo ili vidonge visicheze vikasikika, nikapika.

Hapa lazima nikuambie habari ya chakula. Mwanamke mmoja benchini alinifundisha kwamba dawa ile ni kali, mtu ashibe kwanza. Basi kila siku nilikula bundu, huo ugali wetu wa muhogo, na samaki aliyeogelea katika mawese, nikaramba mpaka vidole, kisha nikameza na kulala. Na nikilala tu, dada alikuja.

Hakuja kama watu wanavyokuja ndotoni, mara huyu mara yule. Alikuja vilevile kila siku. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, naye amesimama kizingitini, miguu ina udongo mpaka vifundoni. Hakusema. Alinyoosha mkono wa kulia, kiganja juu, kama mtu anayedai chake. Nilitaka kumwambia chukua, lakini sikujua achukue nini, na ulimi ulikuwa mzito. Asubuhi niliamka ukuta unazunguka, nikatembea kama mtu aliyekesha kwenye tonto, pombe ya ndizi, na hata mdomo sijautia. Wanawake wa sokoni walinitania kwamba nina bwana wa siri. Nilicheka nao, maana uongo ule ulinifaa.

Mwezi baada ya mwezi vidonda viliondoka, mashavu yakajaa, nywele zikaacha kukatika. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake. Lakini mimi nilianza kuogopa kitanda changu, kisha nikaanza kuogopa jua likishuka. Nikapiga hesabu zangu za kijinga: dada anadai jina lake. Mimi ndiye ninayemwitikia Kasese, kwa hiyo ndiye anayenifuata. Nikiacha kuitika ataacha kuja.

Nikaacha. Ilikuwa mwanzo wa mvua za Machi. Kopo nililifukia shambani na pamba yake ndani.

Na unajua kilichotokea? Haikupita hata wiki mbili, akaacha kuja. Nililala fofofo. Ukuta ukatulia. Nilimshukuru Mungu kanisani kwa sauti hadi mama akanitazama. Nilikwenda Katwe na kurudi bila kupitia Kasese, miguu myepesi, nikiamini nimepona mawili kwa pamoja, ndoto na ugonjwa. Ndiyo sababu nakuambia, usipime dawa yako kwa raha ya mwezi mmoja. Mimi nilipewa miezi miwili ya raha, nikaiona ni jibu.

Mvua zilipokatika ikaja homa. Kisha mgongo ukaanza kuwaka upande mmoja, na malengelenge yakatoka kwa mstari, kutoka uti wa mgongo mpaka chini ya titi. Mkanda wa jeshi. Nguo ikigusa nalia. Sketi niliifunga kwa kamba ya mgomba isidondoke. Gunia la chumvi ambalo nilikuwa nalibeba nikiimba sikuweza tena kulisukuma kwa mguu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nililala nikingoja kuumbuliwa.

Aliyenitisha zaidi alikuwa mama. Alichemsha majani, akaniosha, akanilisha uji, lakini hakunitazama usoni. Kila asubuhi alifagia kaburi la Masika kama vile kuna mgeni anakuja. Mara mbili nilimsikia akisema na mtu nyuma ya jikoni, kwa sauti ya chini, ya kubembeleza. Nilijivuta mpaka dirishani nikachungulia. Alikuwa peke yake.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na kuku," akasema, na kuku wote walikuwa upande ule mwingine wa nyumba.

Basi tulikaa hivyo mpaka Julai, wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja akimwogopa mtu yuleyule bila kusema.

Siku Afande alipokuja ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Nilisikia pikipiki ikizima, kisha sauti nzito ninayoijua. Afande tulimwita hivyo sote kule Kasese. Alikuwa mtu wa kaskazini, askari mstaafu aliyebaki mjini baada ya kutoka kambini, naye anameza dawa kama sisi. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta waliopotea. Lhukonzo, lugha yetu, hakijui, kwa hiyo yeye na mama walizungumza Kiswahili, yeye cha jeshi, mama cha mpakani, kinachosema "njo" kwa "ndiyo", alichojifunza akiuza maharagwe ng'ambo ya daraja, upande wa Kongo.

"Hodi hapa! Masika Yerusa iko?"

Kifuniko cha sufuria kilianguka. Mimi nilikuwa kitandani, ukuta wa udongo katikati yetu, na moyo ulinipiga mpaka malengelenge yakauma.

"Unatafuta nani?" mama akauliza.

"Masika Yerusa. Hapa ni kwao?"

"Njo hapa kwao. Lakini ule mutu alikufaka. Iko pale, nyuma ya jiko. Miaka tano sasa."

Afande alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea. "Mama, mimi kila nyumba naambiwa amekufa. Jana Katwe waliniambia hivyo hivyo, na maiti yenyewe nikaiona miguu yake chini ya kitanda. Mimi si polisi. Mimi rafiki yake ya Kasese."

"Nakuambia alikufaka. Mimi njo nilimuosha."

"Sikiliza, mama. Mimi nimemuona na macho yangu, mwezi wa pili. Ameitwa, amesema 'niko'. Amepanda mizani, kilo hamsini na mbili. Maiti haipandi mizani."

Mama alipojibu sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Alikuwa anavaa nini?"

"Kitambaa ya kijani kwa kichwa. Iko na maua meupe pembeni."

Kitambaa kile kilikuwa cha Masika. Baada ya mazishi nilikirithi mimi, na nilikivaa Kasese tu, nifiche uso. Mama hakuwahi kuniona nacho.

Nikasikia Afande akifungua begi. Alikuwa na desturi ya kutoa kopo lake mwenyewe na kulitikisa, ili watu wa nyumba waone kwamba naye ni mgonjwa, si mtu wa kuwahukumu. Vidonge vikalia, kacha kacha. Sauti ile mama aliijua.

"Leta," akasema. "Hiyo ni yake. Njo ile anakuja kudai."

"Hapana, mama, hii ni yangu..."

"Mimi njo nilitupaka." Mama alikuwa ameanza kulia, na hakulia kwa sauti, maneno yalikuwa yanatoka na pumzi tu. "Kulikuwa pasta mumoja, alihama zamani. Alituambia mutu wa imani hamezi dawa, ameshapona. Yerusa alikataa. Nikangoja ameenda shamba, nikachukua kopo, nikamwanga yote mu choo. Alilia siku mbili, halafu akanyamaza. Hakurudi tena Kasese. Alikufa mu mikono yangu, na watu walipouliza nikasema homa. Sasa kila nikifunga macho anasimama pa mulango. Udongo mu miguu. Ananyoosha mukono hivi."

Nilikuwa nimelikamata blanketi kwa meno. Habari ya mkono ule sikuwahi kumwambia mtu yeyote, wala ya udongo. Na mama hakuwa anameza dawa yoyote ya kumletea ndoto. Sina maelezo ya jambo hilo, na sitayatunga ili wewe ulale vizuri.

Nilijua mambo mawili tu. Nikinyamaza, Afande ataandika amekufa, atapanda pikipiki yake, na itakuwa kweli kabla ya kahawa kuiva. Nikitoka, mama atajua kwamba nami nina kopo. Na huyu ndiye mama niliyemficha miezi yote ile nikijilaumu kwa kumdhania vibaya. Kumbe sikumdhania vibaya.

Nikatoka. Nilishika ukuta, nimejifunga shuka, na nadhani kweli nilifanana na mtu aliyefukuliwa. Mama aliponiona mlangoni alirudi nyuma mpaka akagonga tangi la maji.

"Ni mimi, mama," nikamwambia kwa lugha yetu. "Ni Biira. Mimi ndiye ninayesema 'niko'."

Alinigusa uso kwanza. Kisha mkono, kisha akanyanyua shuka kidogo akaona mgongo. Halafu akakaa chini kwenye udongo, miguu mbele, kama mtoto mdogo.

"Sasa ngoja," Afande akasema. "Masika ni nani na Biira ni nani? Mnanichanganya." Alipoona malengelenge akatikisa kichwa. "Aa! Umevaa mkanda ya jeshi na hata hukuandikishwa."

Nilicheka. Iliniuma mbavuni hadi nikaona nyota, lakini nilicheka, na hicho kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu mvua zikatike.

Tulikaa watatu pale mlangoni nikaeleza yote: jina, ndoto, kopo nililolifukia. Afande hakunigombeza.

"Ulikuwa unameza baada ya kula nini?" akauliza.

"Bundu na samaki. Mawese."

Akapiga goti lake. "Dawa ile na mafuta haipatani! Mimi nilikula mbuzi ya Krismasi nikameza juu yake. Kamanda wangu alikufa zamani, akaja kunipigia saluti. Kamanda! Mimi korporali! Niliamka nimejificha nyuma ya mlango." Akaacha kucheka. "Nilimwambia nesi. Wewe ulimwambia nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Hilo ndilo ninalotaka ulishike wewe unayesoma. Nilipoirudia dawa, chakula kilirekebishwa kwa siku moja, ndoto zikapungua mpaka za kawaida, na baadaye kidonge chenyewe kilibadilishwa. Kilichotaka kuniua hakikuwa ndoto, kilikuwa kunyamaza.

"Jumatatu unakuja Kasese," Afande akasema. "Wakuangalie kwanza, usianze mwenyewe. Sasa tuandike vizuri." Akatoa karatasi na kalamu, akaweka begi juu ya magoti iwe meza. "Masika Yerusa. Amefariki."

"Andika na sababu," mama akasema.

"Sababu gani, mama?"

"Andika alikosa dawa. Andika mama yake alitupa."

Afande alitazama karatasi. "Hakuna nafasi ya hiyo hapa," akasema kwa upole, na nikaona ameifunika kalamu kidogo, halafu akaifunua tena. "Tuendelee. Biira. Kijiji ni hiki. Msaidizi wa dawa ni nani? Mtu ya nyumbani. Anajua saa, anakuona ukimeza, na ukichoka anakusukuma."

Nafasi ile niliiacha tupu miezi kumi na minne. Kila walipouliza nilisema naishi peke yangu.

"Usiandike mimi," mama akasema haraka. Alikuwa bado amekaa chini, anatazama mikono yake. "Tafuta jirani. Mimi hapana."

Sitakudanganya kwamba moyo wangu ulijaa msamaha. Nilikuwa na hasira. Nilimwona akienda chooni na kopo la dada yangu mkononi, nilimwona waziwazi, na nilijua nitaendelea kumwona. Nilifikiri majina mengine. Kulikuwa na jirani mmoja mwema. Kulikuwa na Afande mwenyewe. Lakini pia nilifikiri kwamba katika mlima huu wote hakuna mtu anayejua kama mama thamani ya kidonge kimoja kilichopotea.

"Mwandike mama," nikasema.

Mama akanyanyua uso.

"Biira, mimi..."

"Mwandike."

"Sawa," Afande akasema. "Jina, mama?"

Kijijini wanamwita Mama Masika, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mimi namwita mama. Nadhani hakuna aliyekuwa amemwita kwa jina lake tangu afe bibi yetu. Alijifuta uso kwa upindo wa kitenge, akasimama.

"Masika," akasema.

Kalamu ya Afande ikasimama hewani. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama mahali alipokuwa ameandika amefariki.

"Mama, tafadhali. Masika tumemaliza."

"Ule alikuwa mutoto," mama akasema. "Na mimi njo wa kwanza kwa mama yangu. Mimi Masika. Huyu Masika iko muzima bado. Andika."